Twiga wa Bamburi Hawamngoji Mtu

Mtoto wa Mwabungo hakati tiketi ili kumwona nyani. Nyani huja mwenyewe alfajiri kukagua mahindi, wala habishi hodi. Lakini twiga? Wanangu watatu walimjua kwa picha ya kitabuni tu. Nikawaahidi kwamba shule zikifungwa tutakwenda Haller Park kule Bamburi, Mombasa. Ahadi ni deni, basi mkebe wa akiba ukajazwa polepole muhula mzima.

Ndugu msomaji, kosa langu lilikuwa kuhesabu tiketi na kuisahau njia. Kutoka kwetu ni matatu hadi Ukunda, nyingine hadi Likoni, kisha ya tatu ng'ambo, kuelekea Mtwapa. Feri tu ndiyo bure kwa waendao kwa miguu. Zidisha nauli hiyo kwa watu watano, kwenda na kurudi, na utaona kiingilio si kitu.

Langoni bei hutofautiana: mwananchi hulipa kidogo kuliko mgeni, mtoto kidogo kuliko mtu mzima. Chukua kitambulisho, na upige simu kwanza kuulizia bei. Mwalimu mwenye kundi la wanafunzi naye aulize kabla ya kukodi basi.

Tuliingia saa tano na dakika ishirini. Twiga hulishwa saa tano na saa tisa, nasi tulikuta wameshashiba. Kitinda mimba wangu alilia mpaka watu wakageuka. Kungoja kulimaanisha kufika nyumbani usiku, nami nikaanza kutazama lango. Bibi yao akakaa chini ya mvinje, akafungua mkoba wa mahamri. "Hatuondoki," akasema. "Mtoto hakuja kuona miti."

Na miti yenyewe ina habari. Hapo palikuwa na machimbo ya mawe ya saruji tangu 1954, shimo tupu lenye jua kali na maji ya chumvi. Mwaka 1971 Mswisi René Haller alianza kupanda miti, na mivinje ikashika. Majani yake hayakuoza, basi akaleta jongoo wayatafune yawe udongo. Binti yangu, ambaye nyumbani hukimbia jongoo, siku hiyo aliwahesabu.

Hapo pia ndipo kiboko mchanga Owen, aliyeokolewa pwani ya Malindi Desemba 2004, alipomfanya kobe mkongwe Mzee kuwa mlezi wake. Wanangu walinisimulisha mara tatu.

Saa tisa ikafika. Twiga akainamisha shingo, akatoa ulimi mweusi mrefu, akachota chakula kiganjani mwa yule aliyelia. Kilio kikageuka kicheko. Viboko, ambao hulishwa saa kumi, tuliwaacha kwa sababu ya feri.

Tulifika Mwabungo saa mbili usiku, mkebe ukiwa mtupu. Asubuhi yake niliukuta na shilingi kumi ndani, na karatasi iliyoandikwa kwa kalamu ya rangi: KIBOKO.