Mkuu wa Kompyuta Anayekuja Siku Mbili kwa Wiki



Wengi wenu wa Tororo na wa Busia, pande zote mbili za mpaka, mmetuuliza: ni nani huyu bwana anayefika kiwandani Jumanne na Ijumaa, akaingia moja kwa moja kwa meneja, na wiki ikifuata mambo ya saa na mishahara yamebadilika? Si fundi, maana hashiki bisibisi. Si karani. Tueleze.

Huyo ni mkuu wa teknolojia wa muda. Kampuni kubwa ina mkuu wake wa kudumu. Kinu cha mahindi au kiwanda cha mikate hakiwezi kumlipa mtu kama huyo mwezi mzima. Basi waajiri watatu au wanne hugawana mtu mmoja, kila mmoja akimlipa kwa siku zake. Yeye huchagua programu za kununua, hukagua mikataba ya wauzaji, na huamua nani aone hesabu gani.

Kodi nayo imemletea kazi. Uganda, tangu Januari 2021, mfanyabiashara aliyesajiliwa kwa VAT hutoa ankara kupitia mfumo wa EFRIS. Kenya ina wake, eTIMS. Mwenye biashara huku na huku anahitaji yote miwili, na karani aliyezoea daftari hawezi peke yake. Hatupingi. Kwa daftari pia tumepunjwa miaka mingi.

Lakini akimaliza ankara, meneja humwomba alete mtambo wa alama za vidole mlangoni. Hapo ndipo panapotuhusu.

Katika kiwanda kimoja mtambo uliwakataa wapakiaji wa magunia. Vidole vya mpakiaji huchakaa, mistari ikafutika, na mtambo usione kitu. Kompyuta ikaandika kwamba hawakuja kazini. Siku ya malipo wakakatwa. Msimamizi alikuwa amewaona kwa macho yake, lakini akasema hana ruhusa ya kugusa kompyuta, wangoje Ijumaa. Ijumaa bwana hakufika. Alikuwa kwa mwajiri mwingine ng'ambo ya mpaka. Wiki mbili watu wakakopa unga. Alipokuja alisahihisha kwa nusu saa, wala hakuwa mtu mbaya.

Sheria ya ajira ya Kenya ya 2007 na ya Uganda ya 2006 zinamtaka mwajiri atoe hati ya mshahara inayoonyesha makato. (Ya Kenya imewaacha nje vibarua wa kutwa, nasi tunaona ni kasoro kubwa.) Anayewajibika ni mwajiri, si kompyuta, wala si bwana wa Jumanne.

Tena, mtu anayetumikia waajiri wanne hubeba majina ya wafanyakazi wa wanne. Aliyefukuzwa hapa kwa kudai haki yake, je, jina lake litamtangulia kule? Nchi zote mbili zilitunga sheria ya kulinda taarifa za watu mwaka 2019, na ya Kenya inahesabu alama za vidole kuwa taarifa nyeti.

Kwa hiyo wawakilishi wetu, kabla mtambo haujafungwa, wadai kwa maandishi: awepo mtu kiwandani kila siku mwenye uwezo wa kusahihisha, daftari la sahihi libaki, na taarifa zetu zisitoke kwenda kwa mwajiri mwingine.

Kiwanda kile sasa kina daftari mezani kwa mlinzi. Wapakiaji hutia sahihi asubuhi na jioni.