Daraja la kwanza au la pili? Pima haya kabla ya kukata tiketi ya treni Ulaya

WASAFIRI wengi wanaokwenda Ulaya kwa mara ya kwanza hudhani kuwa daraja la pili la treni ni la dhiki, hivyo hulipa fedha nyingi zaidi ili wapande la kwanza.

Dhana hiyo inaeleweka, hasa kwa aliyewahi kusafiri kwa reli ya TAZARA, ambako daraja la kwanza maana yake ni chumba cha vitanda vinne, la pili vitanda sita, na la tatu ni kukaa tu.

Ulaya hali ni tofauti. Nchi nyingi za bara hilo zilifuta daraja la tatu mwaka 1956. Katika treni za mchana, madaraja mawili yaliyobaki yote ni ya viti, na abiria wake hufika kwa wakati mmoja.

Tofauti kubwa ni nafasi. Katika treni za mwendo kasi, kama ICE ya Ujerumani na TGV ya Ufaransa, daraja la pili kwa kawaida huwa na viti vinne kila safu, ilhali la kwanza huwa na vitatu. Viti hivyo ni vipana zaidi, na mara nyingi behewa huwa tulivu kwa anayetaka kusoma au kufanya kazi.

Hata hivyo, kuwa na tiketi si lazima iwe na maana ya kuwa na kiti. Ufaransa, kila abiria wa TGV hupewa namba ya kiti, liwe daraja la kwanza au la pili. Ujerumani, mwenye tiketi ya daraja la pili ya ICE anaruhusiwa kupanda, lakini akitaka kiti chake mwenyewe hulipa ada ya ziada. Asiyelipa huenda akasimama safari nzima, hususan Ijumaa jioni na nyakati za sikukuu. Katika daraja la kwanza, kwa kawaida ada hiyo imo ndani ya nauli.

Kuhusu bei, masharti ya tiketi yana uzito kuliko daraja. Tiketi ya daraja la kwanza inayofungamana na treni moja, ikinunuliwa wiki kadhaa mapema, inaweza kuwa nafuu kuliko ya daraja la pili isiyo na masharti inayonunuliwa siku ya safari. Lakini mwenye tiketi ya namna hiyo akiikosa treni yake kwa uzembe, hupoteza fedha zake.

Kwa safari fupi, daraja la pili latosha. Luxembourg, tangu mwaka 2020, daraja hilo ni bure. Anayetaka la kwanza ndiye hulipa.

Msafiri akumbuke pia kutazama namba 1 au 2 iliyoandikwa kando ya mlango wa behewa. Anayekutwa daraja la kwanza kwa tiketi ya la pili anaweza kutozwa faini.

Kwa hiyo, mwenye safari ya saa nyingi, mizigo au kazi ya kufanya njiani ana sababu ya kulipia daraja la kwanza. Wengine watanufaika zaidi kwa kununua tiketi ya daraja la pili mapema na kuhakikisha wana kiti.