Je, Wajua? Bati la Bisie na Mbio za Injini
Si lazima turbo ndipo gari likimbie. Mwaka 1967 Chevrolet Camaro Z/28 ilitoka bila turbo, injini ya lita 5 hivi, nguvu za farasi 290 kwa hesabu ya kiwanda (mafundi husema ilipunguzwa makusudi). Siri: mgandamizo mkubwa, kemshafti kali, kabureta kubwa, na injini kuzunguka kasi sana. Hapo beringi za krenki ndizo huteseka, na nyingi zina bati, kwa kuwa ni laini, halikwangui chuma. Bati hilo ndilo utajiri wa mgodi wa Bisie, Walikale, mashariki mwa Kongo (DRC). Miaka ya 2000 wabebaji waliteremsha kasiteriti (mawe yenye bati) mgongoni kupitia msituni, kisha ndege zikaipakia huko Kilambo, zikitua juu ya barabara ya lami!