Sauti za Soko la Burma na Akili Mnemba: Maadili na Hisia katika Utafiti wa Lugha

1. Utangulizi

Soko la Burma, lililo karibu na Barabara ya Jogoo katika mitaa ya Mashariki ya Nairobi, linajulikana zaidi kwa biashara ya nyama. Kwa mwanaisimu, soko hilo ni ghala la usemi wa Sheng, ambao umechunguzwa na Abdulaziz na Osinde (1997) na baadaye Githiora (2018). Tangu ChatGPT itolewe kwa umma Novemba 2022, mtafiti wa usemi huo amepata msaidizi mpya, yaani akili mnemba izalishayo maandishi. Makala haya yanajadili haki ya msemaji, thamani ya ushahidi, na hisia za wahusika.

2. Ridhaa ya Msemaji

Mtafiti hufika sokoni na kinasa sauti, akaomba ruhusa, na muuza nyama akakubali. Je, amekubali nini? Amekubali kusikilizwa na mtu anayemwona. Mazungumzo hayo yakipakiwa katika mashine ya kampuni ya ng'ambo ili yafasiriwe au yafupishwe, sauti yake imevuka mpaka ambao hakuonyeshwa. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kuarifiwa matumizi ya habari zake. Kwa hiyo ridhaa ya kurekodiwa isichukuliwe kuwa ridhaa ya kupakiwa.

3. Ushahidi

Tuchukue neno *mbao*. Katika Kiswahili sanifu ni vipande vya mti uliopasuliwa. Katika Sheng ni shilingi 20. Mashine ikiulizwa asili ya maana hii ya pili, huweza kutoa maelezo fasaha, kwa kuwa kazi yake ni kukisia neno lifuatalo kwa kutegemea maandishi iliyofunzwa. Sheng huishi zaidi vinywani kuliko vitabuni. Hivyo ufasaha wa jibu si ushahidi. Ushahidi ni msemaji, mahali na tarehe.

4. Hisia

Hisia nazo hazina budi kuzingatiwa. Wapo watafiti wanaoona haya kukiri kwamba wamesaidiwa, na aibu hiyo huzaa usiri. Tena, anayeachia mashine kazi ya kunukuu kanda hupoteza saa za kusikiliza, ambazo ndizo humfundisha kicheko, kusita na kejeli ya msailiwa wake. Upo pia uchungu uliofichika ndani ya chombo chenyewe. Januari 2023 jarida la Time la Marekani liliripoti kwamba wafanyakazi wa kampuni ya Sama jijini Nairobi, katika kazi ya OpenAI, walisoma maelezo ya ukatili mkubwa ili mashine ifunzwe kuyatambua, kwa ujira usiofikia dola 2 kwa saa. Baadhi yao walieleza kuumia nafsini. Basi msaada unaoonekana rahisi mezani pa mhadhiri una gharama iliyolipwa na wengine mjini humo humo.

5. Hitimisho

Haifuati kwamba chombo hiki kipigwe marufuku. Kinaweza kupanga orodha za maneno au kusahihisha tahajia bila kumdhuru mtu. Lakini yafaa mtafiti aombe ridhaa mahsusi kabla ya kupakia sauti, ataje wazi kazi iliyofanywa na mashine, na arudi sokoni kuhakikisha kila maana. Muuza nyama aliyetoa maneno yake ana haki ya kujua yamekwenda wapi.