Maegesho ya kulipia yalivyowanufaisha wenye maduka Pasadena

WENYE maduka huwa wa kwanza kulalamika wakisikia mteja atatozwa fedha kwa kuegesha gari mtaani kwao. Lakini je, ni nani hasa anayezijaza nafasi hizo tangu asubuhi?

Katika mji wa Pasadena, jimbo la California nchini Marekani, jibu lilikuwa chungu: wengi walikuwa wenye maduka wenyewe na wafanyakazi wao. Kuegesha kulikuwa bure kwa muda wa saa mbili, na muda ukikaribia kwisha walisogeza magari yao tu. Mteja alizunguka, akakosa nafasi, akaenda kununua kwingine.

Eneo hilo la biashara, Old Pasadena, lilikuwa limechakaa. Halmashauri ilipotaka kuweka mita za kutoza ada, wafanyabiashara waligoma kwa hofu ya kukimbiwa na wateja. Mabishano yalidumu miaka miwili, hadi halmashauri ilipokubali kwamba fedha zote za mita zitatumika katika eneo hilo hilo.

Mwaka 1993 mita zilianza kazi kwa dola 1 kwa saa. Halmashauri ilikopa dola milioni 5, deni likalipwa kwa makusanyo ya mita. Njia za waenda kwa miguu zilijengwa upya, taa na miti vikawekwa, vichochoro vichafu vikageuzwa njia za kupita wateja. Wafanyakazi waliacha kung'ang'ania nafasi za mbele, na mauzo ya maduka yakapanda.

Kabla ya hapo, kuanzia mwaka 1987, mji ulilegeza pia masharti ya ujenzi. Jengo la zamani lisilo na uwanja wa magari liliruhusiwa kufungua biashara kwa kulipia ada ndogo kila mwaka, wateja wakitumia maegesho ya umma.

Profesa Donald Shoup, aliyefariki mwaka 2025, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 2005 kwamba ada inayofaa ni ile inayoacha nafasi moja au mbili wazi kila mtaa. Nafasi hiyo ndiyo anayoitafuta mnunuzi, na hata mkulima mwenye kreti za nyanya za kushusha.

Hivyo, ndugu mfanyabiashara, halmashauri ikija na ada mpya ya maegesho usiishie kuuliza ni shilingi ngapi. Uliza pia: zitarudi mtaani kwetu? Na jibu hilo liwe kwa maandishi.