Karafuu na Jino Linalouma



Ndugu wanafunzi, mwaka jana mwenzetu mmoja alikaa wiki mbili akija darasani na punje ya karafuu mdomoni. Jino lake lilikuwa limetoboka. Kila likimuuma hutia karafuu kwenye tundu, maumivu hutulia, naye huendelea na masomo. Siku moja alikuja shavu limevimba, homa imempanda, hata kufumbua mdomo hawezi. Hospitali alikutwa na usaha chini ya jino, na jino likang'olewa. Tulipokwenda kumtazama alituuliza, "Mbona karafuu ilikuwa ikinisaidia?" Makala haya ni jibu la swali lake.

Karafuu ni nini?

Karafuu ni tumba la ua la mkarafuu, linalochumwa kabla halijachanua. Baada ya kuchumwa huchambuliwa na makonyo yake, kisha huanikwa juani kwenye majamvi kwa siku kadhaa mpaka likawa la rangi ya kahawia. Asili ya mti huu ni visiwa vya Maluku, ambavyo leo vimo katika nchi ya Indonesia. Uliletwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na Sayyid Said, aliyefariki mwaka 1856, akaeneza mashamba yake, ambayo kazi yake ilifanywa na watumwa. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na tangu hapo Pemba ndiyo ikaongoza. Hata jina tumelipokea kwa Waarabu, wanaoiita qaranful.

Ndani yake mna nini?

Ukiibana karafuu nzuri kwa ukucha utaona inatoa mafuta. Mafuta hayo ni kiasi cha asilimia 15 hadi 20 ya uzito wa karafuu kavu. Yana kampaundi nyingi, lakini iliyo kubwa kuliko zote inaitwa eujenoli, ambayo kwa kawaida ni asilimia 70 hadi 90 ya mafuta yote. Ndiyo inayoleta ile harufu na ule ukali wa ulimini. Makonyo nayo yana eujenoli nyingi, ndiyo maana hayatupwi bali hukamuliwa mafuta kwa mvuke.

Waliosoma kemia watafahamu kwamba eujenoli ni katika jamii ya fenoli. Molekuli yake moja ina kaboni 10, haidrojeni 12 na oksijeni 2.

Inafanyaje kazi mwilini?

Kwanza, huondoa maumivu. Habari ya maumivu husafiri katika mishipa ya fahamu kwa chembe za sodiamu kuingia ndani ya mshipa kupitia vijilango vyake. Eujenoli huvizuia vijilango hivyo, na habari haifiki kwenye ubongo. Ndiyo ile ganzi unayoisikia. Pia hupunguza utengenezaji wa kemikali za mwili zinazoleta uvimbe na maumivu.

Pili, huua vijidudu. Eujenoli hupenya kwenye ngozi nyembamba inayozunguka bakteria na kuivuruga, vilivyomo ndani vikavuja, na bakteria akafa. Vilevile huzuia baadhi ya kuvu.

Madaktari wa meno wanalijua jambo hili kwa zaidi ya miaka 100. Huchanganya eujenoli na unga wa oksaidi ya zinki, wakapata saruji laini ya kuzibia jino kwa muda. Ukiingia chumba cha daktari wa meno ukasikia harufu ya karafuu, sababu ni hiyo. Hata wataalamu wa samaki huitumia kuwalaza samaki wanapotaka kuwapima.

Basi kwa nini jino halikupona?

Ndugu msomaji, hapa ndipo penye fundisho. Bakteria waliolitoboa jino huwa wamekwisha kujichimbia ndani, mpaka kwenye mizizi, na punje iliyo juu ya tundu haiwafikii. Karafuu inanyamazisha mlio wa hatari, lakini moto unaendelea kuwaka. Usaha wa jino ukiachwa unaweza kuenea shingoni, ukaziba njia ya pumzi, au ukaingia kwenye damu. Watu hufa kwa jino.

Tahadhari ya mafuta

Karafuu ya kwenye pilau au chai haina neno, maana ni kidogo. Mafuta yake ni jambo jingine. Taarifa za kitabibu za miaka ya 1990 zinaeleza watoto wadogo waliomeza kiasi cha mililita 5 hadi 10, yaani kijiko kimoja au viwili vya chai. Walipoteza fahamu na maini yao yakadhurika. Ini linapoivunja eujenoli nyingi kwa mpigo hutokea kemikali kali inayoharibu chembechembe za ini lenyewe, mfano wa inavyotokea kwa mtu aliyezidisha panadol. Mafuta matupu pia huunguza fizi.

Kwa hiyo tushike haya:

1. Jino likiuma usiku, bana punje moja ya karafuu karibu nalo, au gusisha tone moja la mafuta kwa pamba. Usimeze mafuta.

2. Asubuhi nenda kwa daktari wa meno, hata kama maumivu yametulia.

3. Ukiona uvimbe, homa, au taabu ya kumeza, usingoje asubuhi.

4. Chupa ya mafuta ya karafuu iwekwe mbali na watoto, na mtoto mdogo asipewe kabisa.

5. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amuulize daktari wake kwanza, kwa kuwa eujenoli nayo huzuia damu kuganda.

Mwenzetu alipona, alhamdulillah, na amerudi darasani akiwa na pengo. Karafuu ilimsaidia kweli, lakini kwa usiku mmoja tu. Zile siku nyingine 13 zilikuwa za kwenda hospitali.