Tarehe Tatu za Postikadi: Namna ya Kusoma Picha za Kale za Dar es Salaam, Mji wa Chuo Kikuu

Postikadi ya kale huhesabiwa kuwa picha, nayo kwa hakika ni hati. Upande wa mbele huonyesha mji; upande wa nyuma hueleza kadi ilichapwa katika zama gani, ilipita wapi na ilimfikia nani. Hati za namna hii zimehifadhiwa katika makumbusho na maktaba za Ulaya, na nyingine zaweza kuwa zimelala katika masanduku ya familia za Dar es Salaam, au mbali zaidi, katika vijiji vya bonde la Bugwema, wilayani Musoma. Popote ilipo, kadi haina faida kubwa kwa historia mpaka ipewe tarehe, na ikipewa tarehe ya uongo ina hasara.

Kosa la kawaida hutokana na kudhani kwamba kadi ina tarehe moja. Kila postikadi ina tarehe tatu: siku picha ilipopigwa, siku kadi ilipochapwa, na siku ilipotumwa. Muhuri wa posta hutoa ya tatu tu. Kadi yenye muhuri wa 1912 inathibitisha kwamba mwaka huo ilikuwa imekwisha kuchapwa. Haithibitishi kwamba mji ulikuwa na sura hiyo mwaka 1912. Wachapaji walitumia picha ileile miaka mingi, na maduka yaliuza akiba ya zamani mpaka ikaisha. Kwa hiyo mkusanyaji makini hatafuti mwaka mmoja, bali mipaka miwili: kadi haiwezi kuwa kabla ya mwaka fulani, wala baada ya mwaka fulani.

Mpaka wa kwanza hutafutwa nyuma ya kadi. Postikadi ya kwanza ilitolewa na posta ya Austria na Hungaria tarehe 1 Oktoba 1869. Kwa miaka mingi upande wa nyuma ulikuwa wa anwani peke yake, na mwandishi alibana salamu zake pembeni mwa picha. Uingereza iliruhusu upande huo ugawanywe kwa mstari, nusu ujumbe na nusu anwani, mwaka 1902. Ujerumani ilifuata mwaka 1905. Kadi ya Kijerumani ya Dar es Salaam isiyo na mstari huo, yenye salamu zilizosongamana chini ya picha, yaelekea kuwa imechapwa kabla ya 1905 au muda mfupi baadaye.

Stempu nayo husema. Katika Afrika Mashariki ya Kijerumani rupia ilikuwa na pesa 64 mpaka mageuzi ya miaka ya 1904 na 1905, ilipoanza kugawanywa kwa heller 100. Stempu yenye thamani ya pesa hutangulia ile yenye heller. Waingereza waliutwaa mji Septemba 1916. Stempu zenye jina la Tanganyika na picha ya twiga zilitoka mwaka 1922. Na mwaka 1935 Kenya, Uganda na Tanganyika zilianza kutumia stempu za pamoja. Ndiyo maana anayeibandua stempu ili aiweke katika albamu nyingine huibakiza kadi bila ulimi.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili, ushahidi wenye ladha zaidi umo katika majina. Mchapaji wa Kijerumani aliandika *Bagamojo*, *Udjidji* na *Muansa*. Na katika pwani ya ziwa, upande wa Mara, aliandika *Schirati* pale wenyeji wasemapo Shirati. Tahajia hizo ni alama ya sikio la Kijerumani na ya zama zake. Jina la nchi ni kipimo kingine. Tanganyika lilipokewa rasmi mwaka 1920. Muungano ulifanyika tarehe 26 Aprili 1964, lakini jina Tanzania lilitangazwa Oktoba ya mwaka huo. Kadi iliyochapwa jina hilo haiwezi kutangulia mwezi huo. Hata barabara hushuhudia: njia moja ya katikati ya mji imeitwa Acacia Avenue, kisha Independence Avenue, kisha Samora.

Baada ya maandishi, picha yenyewe huulizwa. Katika Unguja, Beit al-Ajaib isiyo na mnara wa saa usoni pake ni picha ya kabla ya matengenezo yaliyofuata mizinga ya tarehe 27 Agosti 1896. Katika Dar es Salaam, sanamu ya Hermann von Wissmann ni alama ya zama za Wajerumani. Mahali pake ilisimamishwa Sanamu ya Askari mwaka 1927. Picha yenye Askari haiwezi kuwa ya kabla ya hapo, hata kama muuzaji ameandika 1920 kwa kalamu ya risasi.

Kanuni hizi zinafaa vilevile kwa kadi za Chuo Kikuu. Chuo kilifunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo cha sheria. Kilihamia Mlimani mwaka 1964, na Julai 1970 kikawa chuo kikuu kamili. Basi kadi yenye majengo ya Mlimani na maneno *University College* ina picha isiyotangulia ujenzi wa hapo, na maelezo yake yaliandikwa kabla ya kubadilika kwa hadhi ya chuo. Muhuri wa 1973 juu yake haupingi hoja hiyo; unaonyesha tu kwamba akiba ya duka ilikuwa haijaisha.

Hapo ndipo Bugwema inapoingia. Wapiga picha wa biashara walifuata bandari, reli na maboma, maana wanunuzi walikuwa wageni. Kijiji cha wakulima hakikupata postikadi yake, na asiyejua sababu hudhani hakikuwa na historia. Lakini kijiji kiliweza kupokea kadi. Kadi iliyotumwa Ulaya ilikwenda na mgeni. Iliyotumwa na mwanafunzi kwa mzazi wake, kwa sanduku la posta la shule au la misheni, ilibaki nchini. Mbele ina Mlimani. Nyuma ina Kiswahili cha kijana anayeomba nauli au kuuliza hali ya mvua. Ujumbe huo hauwezi kupatikana kwa mnada wowote wa London.

Kwa hiyo kadi ihifadhiwe nzima, mbali na jua na unyevu, bila gundi wala plastiki ya kuyeyushwa kwa moto. Ikipigwa picha, zipigwe pande zote mbili. Tarehe iandikwe katika daftari kama mipaka, pamoja na sababu yake, na wazee waulizwe majina ya watu na mahali wangali hai. Picha yaweza kungoja. Mwenye kuitambua hangoji.